Anayefuga Pweza Anafuga Kaa

Mwaka 2024 familia moja ya jimbo la Oklahoma, Marekani, ilipata umaarufu mtandaoni kwa sababu ya pweza. Mtoto wa nyumba hiyo alikuwa amemwomba baba yake pweza kwa miaka, baba akakubali, akanunuliwa pweza wa California mwenye madoa mawili na kupewa jina la Terrance, wote wakiamini ni dume. Kumbe jike. Terrance akataga, na wakati kila mtu ameshakata tamaa na mayai yale, yakaanguliwa watoto wapatao 50. Watazamaji kwa mamilioni walicheka, wakashangaa, wakaulizia majina ya watoto. Kilichozungumzwa kidogo mno ni jambo ambalo mvuvi yeyote wa Jambiani au Songosongo angeliuliza kabla ya yote: hao wote watakula nini?

Si swali la mzaha. Anayenunua pweza huleta nyumbani mnyama mmoja, lakini wiki chache baadaye ana beseni la kaa chini ya ngazi, ndoo ya kamba yenye pampu ya hewa jikoni, na pengine chaza kadhaa ndani ya friji karibu na maziwa ya watoto. Pweza ana jina. Hao wengine wanahesabiwa kwa dazeni. Vitabu na video za ufugaji huzungumzia sana tangi la pweza, mfuniko wake usioacha upenyo, joto la maji na michezo ya kumchangamsha. Kuhusu lile beseni husemwa sentensi mbili. Kwa maoni yangu mambo yamegeuzwa: pweza aliyezoea tangi lake ni mnyama anayetunzika, ila chakula chake kikiwa hai ndicho kinachomshinda mfugaji, kinachomtia hasara, na ndicho kinacholeta swali gumu kuliko yote, la nini tunawiwa na kaa.

Tuanze na mlaji mwenyewe. Pweza hali majani wala makombo. Anakula kaa kwanza, kisha kamba, chaza, kome na konokono, na samaki akimpata. Mtazame anavyomchukua kaa. Humnyatia huku akibadili rangi, kisha hutandaza ngozi iliyounganisha minyiri yake na kumfunika mzimamzima kama mwavuli ulioshuka ghafla. Chini ya kifuniko hicho kaa hupapatika kwa muda mfupi. Pweza humng'ata, aghalabu kwenye jicho au mahali laini pa kiungo, na kumtia mate yenye sumu yanayompooza na kuanza kuilegeza nyama ndani ya gamba. Baada ya hapo ni kazi ya utulivu: anafungua, anafyonza, anatenganisha miguu mmoja mmoja. Mwishowe gamba tupu hurushwa nje, limesafishwa hata ndani ya magando. Chaza akikataa kufunguka kwa nguvu, pweza humtoboa tundu dogo kwenye kombe kwa ulimi wake wenye meno na kupitisha sumu hapo.

Watu wa pwani yetu wanayajua haya bila kusomea. Mwanamke anayeshuka mwambani maji yakitoka wakati wa bamvua, fimbo mkononi, anakagua takataka: makombe na magamba yaliyorundikana kwenye mlango wa tundu. Penye jalala bichi pana mwenyewe ndani. Tunajua pia matokeo ya ulaji huo. Kijiji cha Andavadoaka, kusini-magharibi mwa Madagaska, kilipofunga sehemu ya mwamba wake kwa miezi michache mwaka 2004, pweza waliovuliwa siku ya kufunguliwa walikuwa wazito kuliko ilivyozoeleka, na vijiji vya Pemba kama Kisiwa Panza vimefuata njia hiyo. Kufunga mwamba kunalipa kwa sababu pweza hukua kwa kasi, na hukua kwa kasi kwa sababu anakula sana. Baharini kaa hao ni wa bure. Oklahoma, mwendo wa siku nzima kwa gari hadi bahari ya karibu, kila kaa ana bei yake, huja kwenye sanduku kwa usafiri wa haraka, na baadhi hufika wamekufa.

Pweza wa madoa mawili, Octopus bimaculoides, ndiye chaguo la wafugaji wengi wa Marekani. Ana doa la buluu chini ya kila jicho, mwili wake si mkubwa mno, huonekana mchana, na huishi mwaka mmoja hadi miwili. Ni yeye aliyekuwa pweza wa kwanza jenomu yake kuchapishwa, mwaka 2015. Mpe kaa mmoja kwa siku, na kwa mwaka umemtafutia kaa 365. Ukimchanganyia kamba wa kugandishwa hesabu inapungua, lakini ukiamua kumlisha vilivyo hai peke yake, unazungumzia mamia ya wanyama kwa ajili ya mnyama mmoja ambaye huenda asifikishe mwaka wa pili.

Je, ni lazima?

Kuna kisa ambacho wapenzi wa pweza hukitoa kila swali hili likiulizwa. Mtafiti Jean Boal, wa Chuo Kikuu cha Millersville huko Pennsylvania, alikuwa akipita kwenye safu ya matangi na kumpa kila pweza kipande cha ngisi aliyegandishwa kisha kuyeyushwa. Aliporudi kwenye tangi la kwanza alimkuta pweza bado amekishikilia kipande chake, hajakila. Pweza akamkazia macho, akasogea taratibu hadi kwenye tundu la kutolea maji, akakitumbukiza humo huku akimtazama. Kisa hiki kimo katika kitabu cha mwanafalsafa Peter Godfrey-Smith, Other Minds, cha mwaka 2016. Wengi hukisoma kama ushahidi kwamba pweza hataki mzoga. Mimi sioni hivyo. Ninachoona ni mnyama aliyeletewa chakula hafifu na kuonyesha kwamba amekigundua. Angeletewa kamba mbichi wa leo, aliyekufa hivyohivyo, sidhani kama bomba lingepata kitu.

Ushahidi wa upande wa pili ni mwingi na hauna mbwembwe. Akwaria za umma zinazoonyesha pweza wakubwa wa Pasifiki huwalisha zaidi samaki, ngisi, kaa na chaza waliokwisha kufa, na pweza wananenepa. Frida, pweza jike wa bustani ya wanyama ya Hellabrunn mjini Munich, alijulikana mwaka 2003 kwa kufungua chupa zenye kamba ndani baada ya kuwatazama watunzaji wakizifungua. Kilichomchangamsha kilikuwa kifuniko cha kuzungusha. Roland Anderson wa Seattle Aquarium na Jennifer Mather wa Chuo Kikuu cha Lethbridge, Kanada, walichapisha mwaka 2007 utafiti ambao kila mfugaji angefaa kuujua: waliwapa pweza wakubwa wa Pasifiki aina tatu za chaza na kome. Chaza na kome wakiwa wamefungwa, pweza walipendelea wale rahisi kufungua. Walipofunguliwa tayari, upendeleo ukabadilika. Maana yake ni kwamba anachokula pweza kinategemea pia gharama ya kukipata, na kwamba juhudi za kukifikia chakula zinaweza kupangwa na binadamu bila kuhitaji mnyama anayekimbia kuokoa maisha yake.

Kwa hiyo pweza mkubwa, mzima, aliyeshazoea, anaweza kulishwa vilivyogandishwa kwa sehemu kubwa ya maisha yake: kamba wabichi wasiotiwa dawa wala viungo, vipande vya kaa, chaza. Hutolewa kwenye ncha ya kijiti, kinatikiswa kidogo mbele yake, na baada ya siku kadhaa anakuja mwenyewe. Wanaosema pweza wao amekataa kabisa aghalabu walimzoesha kaa hai tangu siku ya kwanza, na pweza si mjinga: akijua akigoma ataletewa kaa, atagoma.

Ila zipo hali ambazo chakula hai hakina mbadala. Pweza aliyetoka kwenye sanduku la safari, aliyejificha nyuma ya jiwe na kugoma kula, mara nyingi huamshwa na kaa anayetembea mbele ya tundu lake kuliko kitu kingine chochote. Wapo pia waliovuliwa wakubwa ambao hawajawahi kuona chakula kikining'inia kwenye kijiti. Na wapo watoto, ambao nitawarudia kwa kirefu. Upande wa pili, jike anayelalia mayai haangalii chakula tena. Kumrundikia kaa ni kumletea wasumbufu watakaodonoa mayai, na hata kumdonoa yeye akishadhoofu. Mzee wa namna hiyo anahitaji utulivu.

Sasa tuingie kwenye beseni.

Kaa anayeuzwa zaidi Marekani kwa kazi hii ni yule mdogo wa tope ambaye dume wake ana gando moja kubwa lisilolingana na mwili. Ndugu zake wamejaa kwenye mikoko yetu kuanzia Lamu hadi Mtwara, wale wanaopunga gando maji yakitoka. Wa madukani huokotwa kwenye vinamasi vya maji ya chumvi vya Atlantiki na Ghuba ya Meksiko. Hakuna anayewazalisha kibiashara, kwani watoto wao huelea baharini kwa wiki kadhaa kabla ya kuwa kaa, na kuwalea ni ghali kuliko bei ya kuwauza. Kila kaa anayeingia kwenye tangi la pweza kwa njia hii ametolewa porini.

Kosa linaloua wengi wao ni kuwatia ndani ya maji na kuwaacha humo. Kaa wa tope anaishi nusu nchi kavu. Anahitaji kupanda juu, kukaa hewani akiwa na unyevu kwenye mashavu yake, kuchimba, kujificha. Beseni pana la plastiki linatosha, ilimradi liwe na mchanga uliolazwa kwa mwinamo, maji ya chumvi hafifu upande mmoja, mahali pakavu upande wa pili, na mfuniko wenye matundu, maana wanapanda hata kwenye waya wa pampu. Walishwe mwani, chakula cha samaki cha vidonge, kipande kidogo cha kamba. Hili la kuwalisha hupuuzwa kuliko yote. Mfugaji hujiambia kwamba hao ni chakula, chakula hakilishwi. Lakini pweza hupata kile kilichomo ndani ya kaa, na kaa aliyekaa siku kumi bila kula ni gamba lenye maji. Wanaonunua kaa wengi kwa mpigo ili kupunguza gharama za usafirishaji kisha wakawasahau, mwisho wa mwezi wanamlisha pweza njaa iliyofungwa vizuri.

Halafu kuna kujivua gamba. Kaa akitaka kukua huacha gamba la zamani na kubaki laini kwa siku kadhaa. Kwenye matope hujichimbia. Kwenye beseni lililojaa, bila maficho, wenzake humla. Ukikuta miguu tu asubuhi, usimshuku paka.

Hatari kubwa zaidi haionekani kwa macho. Kaa aliyekufa usiku kwenye ndoo isiyo na kichujio huoza upesi, amonia hupanda, wa pili anakufa, yeye naye anaoza, na kunapokucha ndoo nzima inanuka, maji yamekuwa na utandu mweupe, na waliobaki wamejibana juu wakitafuta hewa. Kila mfugaji wa samaki wa maji chumvi anajua kwamba tangi jipya huhitaji wiki kadhaa ili bakteria wanaogeuza amonia kuwa nitriti, na nitriti kuwa nitrati, waenee kwenye kichujio. Wengi huvumilia muda huo kwa tangi la pweza. Kwa ndoo ya kamba hawavumilii hata siku moja.

Kamba wadogo wenye mwili wa kioo, wanaouzwa kama chambo au chakula cha samaki, wana tatizo lao: wengi wametoka kwenye maji baridi au yenye chumvi kidogo. Maji ya tangi la pweza yana takriban gramu 35 za chumvi kwa lita. Ukiwatupa humo moja kwa moja, wengi watakuwa wameshakufa pweza kabla hajawaona. Inabidi wazoeshwe kwa saa kadhaa, maji yakiongezwa matone kwa matone. Samaki wa dhahabu wa dukani ndio wabaya kuliko wote. Ni wa maji baridi, mafuta yao si yale anayohitaji mnyama wa baharini, na miili yao ina kimeng'enya kinachoharibu vitamini B1. Isitoshe, maduka mengi huwatibu samaki kwa dawa zenye shaba. Damu ya pweza hubeba oksijeni kwa protini yenye shaba, ndiyo sababu ni ya buluu, lakini shaba iliyoyeyuka ndani ya maji yake humuua. Chembe kidogo tu inatosha, na ikishaingia kwenye mawe na mchanga wa tangi haitoki kirahisi.

Ukiniuliza ni chakula gani hai kisicho na usumbufu, nitasema nenda duka la samaki la kawaida ukanunue chaza na kome waliokusudiwa kuliwa na watu. Wamepimwa usalama, hukaa siku kadhaa kwenye friji wakiwa wamefunikwa kitambaa chenye unyevu, na pweza hupata kombe la kulishughulikia. Hawana mvuto wa kaa anayekimbia, na pengine ndiyo maana hawapigwi picha.

Yote hayo ni ya pweza mkubwa. Tuwarudie sasa wale watoto 50 wa Oklahoma, kwa kuwa hapo ndipo maji yanapozidi unga.

Mtoto wa pweza wa madoa mawili huanguliwa akiwa pweza kamili mdogo, anatambaa chini siku hiyohiyo, anajificha, na anawinda. Hii ni bahati. Bahati mbaya ni kwamba huwinda vinavyosogea tu, vyenye ukubwa wa kumtosha, na kati ya vinavyosogea wamo ndugu zake. Kila mtoto anahitaji chupa au chumba chake. Chakula chake ni amfipodi, yaani vijidudu vya baharini vinavyorukaruka chini ya mwani, na misidi, jamii ya uduvi wasiozidi urefu wa ukucha. Misidi nao hulana wasipolishwa kila siku. Wanalishwa artemia waliototolewa karibuni. Artemia hutoka kwenye mayai makavu, mengi ya biashara yakivunwa Great Salt Lake, Utah. Ukiyatia kwenye maji ya chumvi yenye joto na hewa hutotoka kwa muda wa siku moja hivi. Lakini artemia huyo huzaliwa na akiba ya kiini inayopungua kila saa, na mafuta yake ni hafifu, hivyo ama aliwe mapema ama alishwe kwanza mwani au mafuta maalumu. Mwani nao una chupa yake, taa yake na mbolea yake. Mtu aliyetaka mnyama mmoja wa kumtazama jioni anajikuta anaendesha ngazi nzima ya bahari kwenye rafu ya jikoni: mwani, artemia, misidi, pweza. Siku moja ya homa au ya umeme kukatika, ngazi inaanguka kuanzia chini.

Na huyo ni pweza mwepesi. Pweza wa kawaida wa Mediterania hutaga mayai kwa maelfu mengi, na watoto wake ni vijidudu vinavyoelea kwa wiki kadhaa kabla ya kushuka chini. Wanachokihitaji hasa ni watoto wa kaa na kamba, nao waelee hai mbele ya macho yao. Watafiti wa Japani walifaulu kuwafikisha chini mwaka 1963 kwa kuwalisha watoto wa kamba, na miongo iliyofuata ilitumika kutafuta chakula kinachopatikana kwa wingi. Artemia peke yake haikutosha. Kampuni ya Hispania ya Nueva Pescanova ilitangaza mwaka 2019 kwamba imeufunga mzunguko mzima wa maisha ya pweza, kisha ikapanga shamba Visiwa vya Canary la tani 3,000 kwa mwaka. Upinzani ulikuwa mkubwa. Jimbo la Washington lilipiga marufuku ufugaji wa pweza kwa ajili ya chakula mwaka 2024, na California ikafuata mwaka huohuo, ikikataza pia kuuza pweza wa shambani. Hoja mojawapo ya wapinzani ni kwamba pweza ni mla nyama, hivyo shamba lake litakula bahari badala ya kuipumzisha. Hoja hiyo haigeuki kwa sababu tangi liko sebuleni. Ukubwa tu ndio umebadilika.

Imebaki habari ya kaa mwenyewe, ambaye katika simulizi zote hizi hana wakili. Kwenye kituo cha utafiti cha Naples, kilichoanzishwa na Anton Dohrn mwaka 1872, kaa amekuwa mshahara wa pweza tangu zamani. J. Z. Young na Brian Boycott walipochunguza kumbukumbu ya pweza katika miaka ya 1950, walimshushia kaa mbele yake: kaa peke yake maana yake chakula, kaa aliyeambatana na kibao cheupe maana yake shoti ya umeme. Dunia ikajifunza jinsi pweza anavyokumbuka. Mwaka 2008 akwaria ya Coburg, Ujerumani, ilitoa habari za pweza wake Otto, aliyekuwa akirushia maji taa hadi umeme ukakatika, na aliyeonekana akiwarusharusha kaa wanaoishi ndani ya makombe. Magazeti yalifurahi. Hakuna aliyeandika habari ile kwa upande wa waliokuwa wakirushwa.

Robert Elwood wa Chuo Kikuu cha Queen's, Belfast, ametumia miaka mingi upande huo. Kaa wanaovaa makombe ya konokono walipopigwa shoti ndogo, wengine walitoka nje, lakini wale waliokuwa kwenye kombe la aina wanayoipenda walivumilia zaidi kuliko waliokuwa kwenye kombe la kubahatisha. Kaa wa ufukweni, katika jaribio lililochapishwa mwaka 2013, walijifunza kuliacha ficho lenye shoti na kwenda lingine. Mshtuko wa misuli peke yake haupimi faida na hasara namna hiyo. Timu ya Jonathan Birch wa London School of Economics ilipitia zaidi ya machapisho 300 ya kisayansi mwaka 2021 na kushauri kwamba pweza na jamii zake, pamoja na kaa na kamba, wahesabiwe kuwa viumbe wanaohisi. Sheria ya Uingereza ya mwaka 2022 ikawaingiza wote kwa pamoja. Inawabana mawaziri wanapotunga sera, haimkatazi mtu kumlisha pweza wake, lakini imewaweka mlaji na mliwaji kwenye mstari mmoja. Marekani, sheria ya shirikisho ya ustawi wa wanyama inahusu wenye damu moto, kwa hiyo wote wawili wako nje.

Sikubaliani na wanaotoa hitimisho kwamba kumpa pweza kaa hai ni ukatili kwa jina lake. Kaa ameliwa na pweza kabla binadamu hajawahi kuona bahari, na kifo cha meno na sumu ni cha haraka kuliko vingi tunavyovisababisha. Kamba wa kugandishwa naye hakufa usingizini: alivutwa na wavu, akakosa hewa juu ya sitaha. Asijione msafi anayefungua pakiti. Kinachoniudhi ni wiki tatu za ndoo zinazotangulia kifo hicho: kiu ya hewa, njaa, kukatana miguu, amonia. Pweza anachukua dakika chache za maisha ya kaa. Zilizobaki ni za mfugaji, na ndizo zinazopaswa kuhojiwa.

Wapo wanaoona njia ya mkato ni kujiokotea wenyewe ufukweni. Inawezekana mahali pengine, lakini kaa wa bandarini hubeba mafuta na metali za bandarini. Kuna pia kaa wa kijani wa Ulaya, mvamizi aliyefika San Francisco mwaka 1989 na kusambaa. Kumlisha pweza mvamizi kunasikika kama tendo jema, ila jimbo la Washington linakataza kumiliki au kusafirisha kaa huyo akiwa hai, na sababu iko wazi: wawili wakitoroka kwenye ndoo, tatizo limehamia ghuba nyingine. Ndivyo ilivyo pia kwa wanaochoka na chakula chao na kukimwaga mtoni. Kaa waliobaki na maji yao wasifike kwenye maji ya asili.

Huku kwetu anayetaka kumjua pweza hana haja ya tangi. Maji yakitoka, ashuke mwambani na mtu anayejua matundu, akae kimya, atamwona akila kwa gharama ya bahari. Msomaji aliye Ulaya au Amerika ya Kaskazini, ambaye ameshapima gharama na bado anamtaka, namwomba abadili mpangilio wa manunuzi. Anunue kaa kwanza. Aweke beseni lao, awalishe, awatunze miezi miwili bila pweza yeyote nyumbani. Wengi wao wakiwa hai mwisho wa miezi hiyo, na amtafute pweza, amzoeshe kijiti tangu juma la kwanza, kaa wabaki wa siku maalumu. Nusu yao wakiwa wamekufa, amwache pweza California.